Shajara ya mradi: pipa la moshi la Likoni, kuliivisha na kulikinga na kutu

Jumamosi: pipa na mahali pake

Pipa la kupikia nyama kwa moshi limefika, na kuliivisha ni kulichomea mafuta ndani mpaka yawe ngozi ngumu inayokinga chuma. Ni la lita 200, bati lake lina unene wa milimita 1.2 hivi, kipenyo sentimita 57, kimo 88. Lilikuwa la mafuta ya kupikia, na ndani halikupakwa rangi ya kinga. Hayo mawili ndiyo yaliyofanya lichaguliwe. Mapipa mengi yanayouzwa mjini yana ngozi ya rangi ndani, ya kahawia iliyopauka au nyekundu, na ngozi hiyo haitoki kwa sabuni; inataka moto mkali na grenda, na ile nyekundu husumbua zaidi. Pipa lililobeba dawa ya wadudu, asidi, au kitu ambacho muuzaji hakijui, halifai kwa chakula hata lichomwe vipi. Lililobeba petroli, thina au spiriti lina hatari nyingine: mvuke uliobaki ndani hulipuka cheche ya grenda ikiingia. Pipa la aina hiyo mwachie aliyelileta.

Litakaa uani Likoni, upande unaopigwa na upepo wa bahari. Hapo ndipo mradi huu unapotofautiana na maelekezo ya watu wa bara. Mtu wa pwani akiona kutu hulaumu mvua, lakini chuma kinacholowa mvua ya maji matamu kisha kikapata jua hukauka na kuponea. Kinachokimaliza ni chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji ya hewani na kuyeyuka yenyewe unyevu ukipita asilimia 75 hivi, na Mombasa kiwango hicho hupitwa usiku na alfajiri karibu mwaka mzima. Ndani ya chumvi ya bahari mna pia magnesi kloridi, ambayo hulowa hata hewa ikiwa na unyevu wa theluthi moja tu. Kwa hiyo bati linaloonekana kavu saa kumi na mbili asubuhi lina utando wa maji ya chumvi juu yake, na hakuna hata tone la mvua lililoanguka. Ukipaka mafuta juu ya utando huo umeifungia kutu chumbani. Kazi yote inayofuata imepangwa kwa kanuni hiyo: chumvi itoke kwanza, mafuta yaje baadaye.

Jambo la mahali, na halina mjadala: pipa halitawashwa chini ya makuti wala karibu nayo. Cheche moja kutoka kwenye dohani inatosha.

Jumamosi mchana: kutoboa na kufunga

Matundu ya hewa ni matatu, kila moja milimita 25, sentimita 5 juu ya sakafu ya pipa, yakigawana mzunguko sawasawa. Kila tundu lina kibati cha kuzungusha kilichoshikwa na bolti moja ya milimita 6. Juu ya kifuniko kuna dohani ya bomba la chuma cheusi, kipenyo cha ndani milimita 50. Hesabu yake: matundu matatu ya chini yana eneo la milimita za mraba 1,470 kwa jumla, dohani ina 1,960. Dohani isiwe nyembamba kuliko njia ya hewa ya chini, kwa sababu moshi unaokwama ndani hupoa na kuacha lami nyeusi ukutani. Mdomo wa dohani umewekewa kikofia cha bati jeusi, kwani mvua ikiingia hapo hushuka moja kwa moja juu ya wavu.

Kingo za matundu zimepigwa tupa, kisha msasa namba 120, mpaka kidole kinapita bila kukwaruzwa. Hatua hii huchukua dakika chache na mafundi wengi huiruka. Rangi na mafuta hukimbia ukingo mkali. Yakikauka pale panabaki utando mwembamba kuliko popote, na kutu ya kwanza huota hapo hapo. Anayetaka kuhakikisha atazame mageti ya chuma ya mtaani kwake: yanaanza kuliwa kwenye kingo na kwenye viungo vya kuchomelea.

Wavu wa nyama ni wa fito za stenlesi za milimita 6. Unakaa sentimita 17 chini ya mdomo, juu ya bolti nne. Kikapu cha mkaa ni cha wavu wa chuma cheusi, kipenyo 38, kimo 20, na miguu ya sentimita 7 ili majivu yapate pa kuangukia bila kuziba hewa. Kutoka chini ya kikapu hadi wavu ni sentimita 64. Umbali ukipungua sana, nyama inaungua upande wa chini kabla ya moshi kufanya kazi yake.

Bolti za kubebea wavu ni za chuma cha kawaida, kwa makusudi. Stenlesi ikigusana na chuma cha kawaida penye maji ya chumvi, chuma cha kawaida ndicho kinacholiwa. Bolti ikiliwa inabadilishwa kwa pesa kidogo. Bolti zingekuwa za stenlesi, kingeliwa kile kilicho jirani yake, yaani ukuta wa pipa.

Hakuna kipande chochote cha mabati, yaani chuma kilichopakwa zinki, ndani: si wavu wa kuku, si bomba la maji, si bolti za kung'aa. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 za Selsiasi, na makaa yaliyopulizwa hewa hupita hapo kwa mbali. Mafusho ya zinki huleta homa na kutetemeka saa chache baada ya kuyavuta.

Jumapili: moto wa kuchoma

Pipa halina ngozi ndani, lakini lina utando wa mafuta ya kiwandani, na nje lina rangi isiyofaa kwa moto. Vyote vitoke. Kuni za mvinje zilizokauka zimejazwa nusu ya pipa, kifuniko kimeondolewa, matundu yote wazi. Mvinje huwaka kwa nguvu na kwa muda mrefu. (Ni mti wa kuheshimiwa hapa kwetu: mwaka 1971 René Haller alipoanza kufufua machimbo ya simenti ya Bamburi, mvinje ulikuwa miongoni mwa miti michache iliyokubali kuota kwenye mwamba ule wenye chumvi.) Rangi ya nje imebabuka na kuanguka vipande vipande. Simama upande upepo unakotoka. Moshi wa rangi si wa kuvutwa.

Mbao za bandarini hazikutumika na hazitatumika. Godoro la mbao la kubebea mizigo hupigwa muhuri: HT maana yake limetibiwa kwa joto, MB maana yake limefukizwa methili bromaidi, sumu ya kuua wadudu. La MB lisiingie jikoni kabisa. La HT nalo huenda limemwagikiwa na mzigo wowote njiani, basi nalo liache.

Moto ulipokwisha, pipa liliachwa lipoe lenyewe. Maji yakimwagwa juu ya bati la milimita 1.2 lililo jekundu, mdomo unapinda, na kifuniko hakitakaa sawa tena. Kisha brashi ya waya kwenye grenda, miwani machoni, ndani na nje, mpaka chuma kikawa cha kijivu kitupu. Nyaya za brashi hukatika na kuruka. Sakafu imefagiliwa kwa sumaku iliyofungwa kwenye kitambaa ili usibaki hata mmoja wa kuingia kwenye chakula.

Jumapili alasiri: maji matamu

Chuma kitupu ndicho chuma kilicho hatarini zaidi, kwa hiyo hatua hii haikusubiri kesho.

Maji yaliyotumika ni ya mfereji, mitungi mitatu ya lita 20. Maji ya kisima yameachwa. Visima vingi vya huku vina chumvi, na ukioshea hayo unarudisha kile ulichokusudia kukitoa. Asiyepata maji ya mfereji akinge ya mvua. Kwanza maji ya moto na sabuni ya unga, kwa sponji. Kisha suuza, halafu suuza tena kwa maji mapya.

Kwenye mshono wa chini, pale ukuta unapokunjwa na kushikana na sakafu, kulikuwa na madoa ya kutu ya zamani. Kitambaa kilicholoweshwa siki nyeupe kimelazwa juu yake kwa muda wa saa moja, kikafuatwa na brashi. Siki ikiachwa pale, yenyewe huendelea kula chuma, kwa hiyo pamepanguswa kwa maji yenye bekini soda, kijiko kimoja cha chakula kwa lita, na kusuuzwa tena.

Kukausha ndiko kunakoharibu kazi za watu. Katika hewa ya hapa chuma kitupu kilicholowa hugeuka rangi ya chungwa ndani ya dakika chache, mbele ya macho. Dawa yake ni kuwa na mkaa uliokwisha kushika kabla hujamwaga maji ya mwisho. Pipa limepanguswa kwa matambara makavu, kikapu chenye makaa mekundu kikaingia mara moja. Ukuta ulikauka haraka, lakini mshono wa chini uliendelea kutoa sauti ya kuchemka, viputo vidogo vikitokeza kwenye mkunjo, muda mrefu baada ya mahali pengine pote kukauka. Maji hujificha humo. Moto uliachwa mpaka mshono ukanyamaza kabisa.

Jumatatu: nje, rangi

Rangi hutangulia mafuta. Tone la mafuta likifika nje kabla ya rangi, rangi haitashika hapo. Nje imepanguswa kwa thina, ikapakwa rangi nyeusi ya kustahimili moto, ya daraja la nyuzi 600, makoti mawili mepesi, kwa muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye mkebe. Ndani hapapakwi rangi, hata kama muuzaji anasema inastahimili.

Saa ya kupaka ina maana yake. Chuma kinatakiwa kiwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutua. Mombasa kiwango hicho huwa karibu nyuzi 22 hadi 24, kwa hiyo bati lililopoa alfajiri liko hatarini hata likionekana kavu. Kazi imefanywa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, jua likiwa limekwisha kulipasha pipa. Rangi inayopakwa jioni huja na malengelenge.

Rangi ya namna hii hukauka kwa hewa lakini haikomai mpaka ipate moto. Kabla ya hapo ukucha unaikwangua. Itakomaa pamoja na mafuta ya ndani, na ndiyo sababu joto litapandishwa polepole.

Mafuta: yapi na kwa nini

Tutakaa hapa kidogo, kwa sababu ushauri unaosikika mara nyingi ukanda huu wa pwani ni kupaka mafuta ya nazi, na ushauri huo haufai kwa kazi hii.

Mafuta yanayokinga chuma hayabaki mafuta. Yakipata joto na hewa hushikana chembe kwa chembe na kuwa ngozi ngumu. Uwezo huo hupimwa kwa kiasi cha aidini ambacho mafuta yanaweza kubeba: kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo yanavyokauka. Nazi ina 6 hadi 11. Mawese ni 50 na kitu. Mahindi huanzia 103 hivi na kupanda, alizeti na soya ziko 120 hadi 140, kitani 170 na zaidi. Mafuta ya nazi yanaweza kupakwa na kuchomwa mara nyingi na bado yakabaki majimaji. Siku ya joto yanateleza ukutani, siku ya upepo yanakusanya vumbi na chumvi. Nazi ibaki kwenye wali na samaki wa kupaka.

Soma kibandiko cha chupa. Mafuta mengi ya dukani yanayoitwa tu "ya kupikia" ni ya mawese. Yaliyochaguliwa hapa ni ya alizeti iliyosafishwa. Ya kitani hukauka kuliko yote, lakini ngozi yake huwa kavu mno na hupasuka, na yale ya dukani ya kupakia mbao huwa na dawa za kukaushia zisizofaa chakula.

Jumanne: koti la kwanza

Pipa limepashwa na mkaa kidogo mpaka nyuzi 50 hivi, joto ambalo mkono unagusa lakini hautulii. Chuma cha vuguvugu hufukuza unyevu wa mwisho na kuyafanya mafuta yatambae.

Kiasi ni vijiko vinne vya chakula, yaani mililita 60, kwa pipa zima. Huonekana kidogo. Ukuta, sakafu na kifuniko kwa ndani ni mita za mraba 2 na ushee, na mililita 60 zikienea humo zinatoa utando wa chini ya maikroni 30. Huo unatosha, na bado baada ya kupaka unachukua kitambaa kikavu na kupangusa kana kwamba umekosea kuyapaka na sasa unayaondoa. Kinachobaki ndicho kinachotakiwa. Wavu na kikapu vimepakwa pia. Kwenye mshono wa chini mafuta yamesukumwa ndani ya mkunjo kwa brashi ndogo ya rangi, maana kitambaa hakifiki.

Kilo 2 za mkaa, zilizowashwa kutoka juu ili moto ushuke taratibu. Nyuzi 110 hadi 120 kwa nusu saa ya kwanza, kwa ajili ya rangi ya nje. Kisha matundu yote wazi, 180 hadi 200 kwa saa moja. Hapa ndipo mafuta yanaposhikana, na harufu yake hupungua yakiiva. Mwisho matundu mawili yamefungwa, la tatu likabaki nusu, joto likashuka hadi 120, na vipande viwili vya mwembe mkavu, ukubwa wa ngumi, vikawekwa juu ya makaa kwa saa mbili.

Utazame moshi. Moshi mweupe mzito maana yake kuni hazipati hewa au bado ni mbichi, na unachopaka ukutani wakati huo ni lami chungu inayonata. Moshi mwembamba wenye ubuluu, unaokaribia kutoonekana, ndio unaoacha utando mkavu. Ukiwa mweupe, fungua hewa ya chini, usifunge dohani. Dohani haifungwi moto ukiwa unawaka. Mkwaju mkavu ni mzuri kama mwembe. Vifuu vibichi vya nazi huwaka kwa pupa na moshi wake una lami nyingi. Vikishageuzwa mkaa ni vizuri sana. Maganda ya korosho usiyalete karibu: mafuta yake hubabua ngozi.

Kipimajoto cha kifuniko kilipimwa kwanza kwenye maji yanayochemka. Likoni tuko usawa wa bahari, kwa hiyo lazima kisome 100. Anayefanya kipimo hiki Nairobi akumbuke kwamba huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95.

Jumatano na Alhamisi: makoti yaliyofuata

Mwendo ni ule ule, mafuta vijiko vitatu. Rangi ya ndani imetoka kwenye kijivu ikawa ya shaba, sasa inaelekea kahawia iliyokolea. Kitambaa cheupe kikipitishwa ukutani kinatoka kikavu, na hicho ndicho kipimo.

Kwa wanaofanya kazi hii kwao, dalili na maana zake. Ukuta unanata: mafuta yalizidi au joto halikufika; tiba ni moto wa nyuzi 200 kwa saa moja bila kuongeza tone. Michirizi iliyoganda kama nta: hukupangusa, ikwangue, maana chini yake mafuta hayakuiva. Nukta za chungwa zinazotokeza kupitia utando: chumvi ilifungiwa, na hapo hakuna njia ya mkato, msasa mpaka chuma, maji matamu, moto, mafuta upya, mahali pale tu. Magamba meusi yanayoning'inia kwenye kifuniko baada ya kupika mara nyingi ni masizi na mafuta ya nyama, na watu huyadhania rangi. Yakwangue kwa mbao kabla hayajaangukia chakula.

Jumamosi: nyama ya kwanza na utunzaji

Imepikwa nyama yenye mafuta, mbavu za mbuzi, ili mafuta yake yaongeze ngozi. Samaki aliyelazwa kwenye maji ya chumvi atasubiri, maana matone yake yangeangukia utando ambao bado ni mchanga.

Majivu yametolewa asubuhi iliyofuata, pipa likiwa limepoa. Majivu ya kuni yana potasi, inayonyonya maji ya hewani kama chumvi inavyofanya, na yakilala kwenye mshono hugeuka tope kali. Pipa likioza, mara nyingi huanzia sakafuni, kwa majivu yaliyoachwa.

Ndani hapaoshwi kwa sabuni tena. Wavu unapigwa brashi ukiwa wa moto na kupanguswa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Nje, kipindi hiki cha kusi, ni kitambaa kilicholowa maji matamu kila wiki, kisha kikavu. Ukanda wa chini karibu na moto utapoteza rangi kabla ya pengine. Hapo panapakwa mafuta ya alizeti pipa likiwa la moto, baada ya kila kupika.

Pipa limesimama juu ya matofali, sentimita 15 kutoka ardhini. Turubai limefungwa juu ya fremu ya fito bila kugusa bati, upande mmoja wazi. Turubai linalokumbatia pipa hufuga jasho la usiku na kulilaza kwenye rangi. Matundu ya hewa na dohani yameachwa wazi kidogo, kwani pipa lililofungwa kabisa huota ukungu ndani. Ukungu ukiota, choma tupu kwa nyuzi 200 na zaidi kwa saa moja, kwangua, paka mafuta.

Yaliyobaki: kifuniko kinavuja moshi upande wa bawaba, na kamba ya kuzuia joto bado haijapatikana. Tundu la hewa linalotazama baharini limeonyesha uzi mwembamba wa kutu kwenye ukingo wa kibati chake. Limepigwa msasa na kupakwa mafuta, litatazamwa tena wiki ijayo. Koti jingine zima la ndani limepangwa mwezi Machi, kabla ya masika kushika.